Thiaroye: askari waliodai malipo yao

Oktoba 2025, kamati ya watafiti iliyoongozwa na mwanahistoria Mamadou Diouf ilimkabidhi Rais Bassirou Diomaye Faye wa Senegal ripoti yake juu ya mauaji ya Thiaroye, kambi iliyo karibu na Dakar ambako jeshi la Ufaransa liliwapiga risasi askari wake lenyewe wa Kiafrika. Ripoti inasema mauaji yale ya tarehe 1 Desemba 1944 yalipangwa, kwamba ukweli wake ulifichwa kwa makusudi, na kwamba makadirio yanayoaminika zaidi ya waliokufa ni kati ya watu 300 na 400. Kwa miongo mingi Ufaransa ilikuwa ikitaja 35. Mwaka mmoja kabla ya ripoti hiyo, katika kuelekea kumbukumbu ya miaka 80, Rais Emmanuel Macron alikubali kwa barua kwamba kilichotokea pale kambini kilikuwa mauaji ya halaiki. Tangu hapo wengi wetu tunaobishana juu ya habari hizi tumeng'ang'ania mambo mawili: idadi ya maiti, na kama Ufaransa iombe radhi au isiombe.

Yote mawili yana uzito wake. Hata hivyo naamini tunaliruka jambo lenyewe. Wale askari hawakupandisha bendera wala hawakudai uhuru wa nchi. Walidai mshahara. Hoja yangu ni kwamba madai ya mshahara, kiinua mgongo na pensheni, ambayo tumezoea kuyaona kama mambo ya tumbo yasiyofaa kuwekwa meza moja na siasa ya ukombozi, ndiyo yaliyowapa askari wa zamani nguvu yao ya kisiasa baada ya vita, Afrika na Marekani pia. Askari aliyerudi akiidai serikali aliwatia watawala hofu kuliko askari aliyerudi na mawazo mapya tu. Mawazo yangeweza kuitwa uchochezi. Deni lilikuwa na saini ya serikali yenyewe.

Tazama mambo yalivyokwenda pale Thiaroye. Wanaume wale walikuwa wa jeshi la Kiafrika la Ufaransa, Tirailleurs Sénégalais, jina lililowafunika watu wa Senegal, Mali, Guinea, Burkina Faso, Côte d'Ivoire na kwingineko. Wajerumani waliwateka mwaka 1940 na kuwafunga miaka minne katika makambi ndani ya Ufaransa yenyewe, kwa kuwa hawakutaka wafungwa weusi wakanyage ardhi ya Ujerumani. Walipokombolewa mwaka 1944, walistahili malimbikizo ya mishahara ya kipindi chote cha kifungo, pamoja na posho ya kuachishwa jeshi. Walipewa sehemu kabla ya kusafiri kutoka bandari ya Morlaix, iliyobaki wakaahidiwa wakifika Dakar. Wako waliokataa kabisa kupanda meli kabla ya kulipwa. Waliofika Dakar tarehe 21 Novemba walipelekwa kambi ya Thiaroye, na wiki moja baadaye kundi lililoamriwa kuondoka kwenda Bamako likagoma. Hofu yao inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kudai mshahara: wakishatawanywa kila mtu kijijini kwake, nani atamtafuta nani? Jenerali Dagnan alikwenda kuzungumza nao, wakalizuia gari lake, akawapa ahadi, wakamwachia. Siku tatu baadaye, alfajiri, kambi ilizingirwa na askari wenye magari ya kivita. Baada ya risasi kunyamaza, 34 kati ya walionusurika walihukumiwa kifungo kwa kosa la uasi. Yaani mdai aligeuzwa mwasi, na jeshi lililokuwa na deni likawa ndilo mshitaki na ndilo hakimu.

Simulizi tuliyorithi kuhusu askari wa zamani na siasa ni tofauti na hii. Inasema vita iliwafungua macho. Mwafrika alimwona Mzungu akiogopa, akilia, akifa kwa risasi ileile, na alipoona hivyo hakuweza tena kurudi kuinama. Simulizi hii ina watu wa kuitolea ushahidi, na wengine ni wa kwetu kabisa. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, alipigana Burma akiwa na King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya. Bildad Kaggia alitumikia Mashariki ya Kati na Uingereza, akarudi akiwa amechoshwa na kanisa na serikali kwa pamoja, akaanzisha kundi lake la dini, akaingia vyama vya wafanyakazi, na mwisho akasimama kizimbani Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walikuwa Burma. Kumbukumbu za ukoo wao zinaeleza jinsi vijana wa Tanganyika, wakiwa kambini karibu na Bombay wakisubiri meli ya kuwarudisha nyumbani, walivyokuwa wakizungumza juu ya kuanzisha chama cha siasa. Ndugu hao wawili wamo katika orodha ya watu 17 walioasisi TANU tarehe 7 Julai 1954. Na baba yao, Kleist Sykes, alikuwa askari wa Wajerumani katika vita ya kwanza kabla ya kuwa mmoja wa waasisi wa African Association. Ukoo mmoja, vita mbili, vyama viwili. Ni vigumu kuusikia mfululizo huo na usiamini kwamba vita ndiyo shule ya siasa.

Wapo wanaoupinga mtazamo huu, na hoja zao si za kupuuza. Mwanahistoria David Killingray, aliyewafuatilia askari wa Kiafrika wa Uingereza kwa miaka mingi, amesisitiza kwamba wengi wao walirudi makwao na kuendelea na maisha: walilipa mahari, walinunua ng'ombe, walifungua duka dogo, wakanyamaza. Afrika Mashariki peke yake ilitoa askari zaidi ya 320,000 katika vita ya pili. Kama kumwona Mzungu akifa kungetosha kumfanya mtu mpigania uhuru, vyama vya miaka ya hamsini vingejaa Wakeya watupu. Haikuwa hivyo. Vyama vilibebwa zaidi na makarani, walimu, wafanyabiashara, makuli wa bandarini na wanaushirika. Tena wako waliovua sare ya Keya wakavaa ya polisi, na wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya ni vikosi vya Keya vilevile vilivyotumwa msituni kuwawinda Mau Mau. Macho yaliyofunguliwa na vita yangeweza kutazama upande wowote.

Ninakubaliana na hesabu hiyo, ila nadhani inapima kitu kisicho chenyewe. Swali la askari wangapi waliingia chama linatuficha swali la madai gani yalikuwa na nguvu, na kwa nini. Mkulima aliyenyang'anywa ardhi alikuwa na dai la haki kabisa, lakini serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria yake ya kumjibu: ardhi ni ya Mfalme. Karani aliyedai kura aliambiwa muda wake haujafika, asome kwanza. Askari hakuweza kujibiwa hivyo. Alikuwa na namba. Alikuwa na hati ya kuachishwa jeshi inayoonyesha tarehe aliyoingia, tarehe aliyotoka na tabia yake. Alikuwa amehesabiwa, amepimwa, amelishwa na kupewa bunduki na serikali ileile inayosema haimjui. Zaidi ya yote alikuwa na mtu wa kujilinganisha naye: askari Mzungu wa cheo kilekile, aliyelala kwenye tope lilelile. Nyaraka zilizoibuliwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba kiinua mgongo cha askari wa Kiafrika wa Uingereza baada ya vita ya pili kilikuwa karibu theluthi moja tu ya kile cha Mzungu wa cheo sawa. Usawa kwa askari huyo ulikuwa na tarakimu: chake na cha mwenzake, na tofauti iliyo katikati. Nilipokuwa kijana niliwahi kukaa na mzee mmoja wa Keya, aliyeitunza hati yake ndani ya nailoni mpaka karatasi ikabadilika rangi. Nilitaka anisimulie habari za Wajapani. Yeye alirudi kila mara kwenye hela ambazo hazikufika.

Hakuna mahali nguvu ya dai hilo ilipoonekana wazi kama Accra. Gold Coast ilitoa askari zaidi ya 60,000 katika vita ya pili. Tarehe 28 Februari 1948 askari wa zamani wapatao 2,000 waliandamana kwenda kumpelekea gavana risala katika ngome ya Christiansborg. Risala ilihusu pensheni, mafao na kazi walizoahidiwa. Polisi wakawazuia, na ofisa wa Kiingereza, Colin Imray, akafyatua risasi. Sajenti Adjetey, Koplo Attipoe na Praiveti Odartey Lamptey wakafa. Mji, uliokuwa umetoka kwenye mgomo wa kutonunua bidhaa za wafanyabiashara wa kigeni, ukawaka, na ghasia zikaua watu 29. Serikali ikawakamata viongozi sita wa chama cha siasa cha UGCC, Kwame Nkrumah na J. B. Danquah wakiwamo, kisha ikaunda Tume ya Watson, nayo ikakiri kwamba katiba iliyokuwapo imepitwa na wakati. Mwaka 1951 ukafanyika uchaguzi, na mwaka 1957 Ghana ikawa huru. Silisemi hili kana kwamba watu watatu walileta uhuru wa Ghana. Ila angalia kilichoifanya risasi ile iwe na uzito kuliko risasi nyingi za kikoloni zilizotangulia. Waliopigwa walikuwa wamebeba risala ya pensheni. Serikali haikuweza kuwaita wahuni au wakomunisti bila kujichafua yenyewe, kwa sababu vyeo vyao iliwapa yenyewe.

Hoja dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, na ndiyo inayorudiwa sana kwenye hotuba za maadhimisho, ni ile isemayo haki zilikuja kama shukrani: Waafrika walimwaga damu, wakubwa wakatambua mchango wao, wakafungua mlango. Anayeamini hivyo na aitazame Kenya baada ya vita ya kwanza. Uingereza ilichukua mamia ya maelfu ya wapagazi kubeba risasi na chakula katika vita dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika, na kwa makadirio ya wanahistoria zaidi ya 90,000 kati yao walikufa, wengi kwa njaa, kuhara damu na malaria. Carrier Corps ndilo jina lililotuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mpagazi alianza kwa rupia 5 kwa mwezi. Vita ilipokwisha, mwaka 1919, serikali ya Kenya ilitenga mashamba zaidi ya elfu moja na kuyagawa kwa mpango wa makazi ya askari, kwa ajili ya Wazungu waliotoka vitani. Sehemu ya ardhi hiyo ilimegwa kwa Wanandi. Mwafrika aliyetoka vita hiyohiyo alivishwa kipande cha utambulisho shingoni, kodi ikapandishwa, na mwaka 1921 walowezi wakakubaliana kuukata mshahara wake kwa theluthi. Harry Thuku aliyapinga hayo, akakamatwa, na tarehe 16 Machi 1922 watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi mjini Nairobi. Hizo ndizo zilizokuwa shukrani. Ile mishahara ya wapagazi waliokufa, au ambao ndugu zao hawakujulikana, ilibaki bila mwenyewe. Maofisa wa Nairobi walibishana na Hazina ya London kwa miaka mingi ili fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika, na Hazina ikakataa.

Marekani inatufundisha jambo hilohilo kwa urefu zaidi, na inafaa tukae nayo kidogo. Katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, weusi wapatao 180,000 waliingia jeshi la Muungano, yaani la serikali kuu iliyopigana na majimbo ya kusini. Askari mweupe alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi alipangiwa dola 10, na tatu zikakatwa kwa ajili ya nguo. Kikosi cha 54 cha Massachusetts kiliikataa pesa hiyo. Kilipigana miezi 18 bila kupokea hata senti, huku familia zikitaabika nyumbani, kwa sababu kupokea saba kungekuwa kukubali kwamba wao ni nusu ya askari. Sajenti William Walker wa kikosi cha South Carolina aliwaongoza wenzake kuweka silaha chini mbele ya hema la kamanda wao mpaka walipwe sawa, na mwanzoni mwa mwaka 1864 akapigwa risasi na jeshi lake kwa kosa la uasi. Miaka 80 kabla ya Thiaroye, dai ni lile na jibu ni lile. Tofauti ni kwamba Juni 1864 Bunge la Marekani lilipitisha malipo sawa. Kabla mweusi hajatambuliwa na katiba kuwa raia, na kabla ya marekebisho ya mwaka 1870 kumlinda haki yake ya kura, usawa wake uliingia kwanza kwenye orodha ya malipo ya jeshi. Mimi siioni hiyo kuwa bahati.

Njoo sasa kwenye mwaka 1946. Tarehe 12 Februari, Sajenti Isaac Woodard aliachishwa jeshi Georgia, akapanda basi kurudi kwao akiwa bado na sare. Baada ya ubishi na dereva, alishushwa katika mji wa Batesburg, South Carolina, na mkuu wa polisi wa mji huo, Lynwood Shull, akampiga virungu mpaka akampofua macho yote mawili. Baraza la wazee wa mahakama, wote weupe, lilimwachia Shull huru. Habari ile ilimgusa Rais Harry Truman, naye akaunda kamati ya haki za raia, na tarehe 26 Julai 1948 akatoa amri namba 9981 ya kuondoa ubaguzi katika jeshi. Hapa wengi huishia, kwa sababu kisa kina mateso na kina jibu. Mimi napenda kwenda mbele hadi kwenye fedha. Sheria ya mwaka 1944 iliwaahidi wanajeshi wote waliorudi masomo, mikopo ya nyumba na mitaji. Sheria yenyewe haikutaja rangi. Lakini wabunge wa kusini, akiwamo John Rankin wa Mississippi, walihakikisha inaendeshwa na ofisi na benki za kila jimbo. Mwaka 1947, uchunguzi katika miji 13 ya Mississippi ulikuta mikopo 3,229 iliyodhaminiwa chini ya sheria hiyo. Miwili tu ilikwenda kwa weusi. Wale wachache walioipata haki yao kwa njia nyingine ndio tunaowakuta baadaye mstari wa mbele. Medgar Evers, aliyetumikia Ufaransa, alijaribu kupiga kura Mississippi mwaka 1946 pamoja na kaka yake na askari wenzao, wakafukuzwa na kundi la wazungu wenye silaha. Alisoma chuo kwa fedha za wanajeshi, akawa katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, katika jimbo hilo, na Juni 1963 akauawa mbele ya nyumba yake. Amzie Moore, aliyekuwa upande wa Burma kama Wakeya wetu, alifanya kazi posta. Mshahara wake ulitoka serikali kuu, na mwenye shamba la pamba hakuweza kumkatia chakula kwa sababu ya siasa zake. Katika jimbo ambalo mweusi aliyejiandikisha kupiga kura alifukuzwa kazi siku ileile, mshahara usioweza kuzuiwa na jirani ulikuwa ndio uhuru wenyewe wa kusema. Ndiyo maana wabaguzi walipigania kuizuia mikopo ile kwa nguvu ileile waliyotumia kuzuia kura.

Sasa niitaje hoja nzito zaidi dhidi yangu, na sitajifanya nimeimaliza. Dai la askari huanza kama haki na laweza kuishia kuwa upendeleo. Anayesema "nilipigana, kwa hiyo nilipwe" yuko hatua moja tu kutoka kwa anayesema "nilipigana, wewe hukupigana, kwa hiyo nyamaza". Historia imejaa hatua hiyo. Walowezi waliogawiwa ardhi ya Wanandi walikuwa askari wa zamani, na hoja yao ilikuwa ileile ya jasho la vita. Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, ilianzishwa Pulaski, Tennessee, na askari wa zamani wa jeshi lililoshindwa, punde tu baada ya vita iliyoondoa utumwa. Zimbabwe inauma zaidi kwa kuwa wapiganaji wake walikuwa upande wa haki. Waliachwa na serikali yao kwa miaka mingi wakati wakubwa wakijichotea mfuko wa fidia za majeruhi wa vita; Chenjerai Hunzvi, kiongozi wa chama chao na daktari aliyewapima wengine, aliandikiwa ulemavu wa asilimia 117. Mwaka 1997 waliandamana, na Robert Mugabe akakubali kumlipa kila mmoja dola 50,000 za Zimbabwe na 2,000 kila mwezi, fedha ambazo hazikuwa kwenye bajeti. Tarehe 14 Novemba sarafu ikaanguka zaidi ya asilimia 70 kwa siku moja. Tangu hapo wapiganaji wale waligeuzwa mkono wa chama tawala, wakitumwa mashambani mwaka 2000 na kwenye kampeni, na mpinzani aliyezaliwa baada ya vita akaambiwa hana haki ya kusema juu ya nchi.

Nikiyatazama haya, naona kilichoziharibu haki hizo ni kulipwa kwa kificho na kwa hiari ya mkubwa. Serikali isiyoweka daftari wazi la nani anadai nini huwaacha wapiganaji wake miaka 17 na njaa, halafu siku ikiwahitaji huwanunua wote kwa pamoja. Pensheni iliyoandikwa kwenye sheria haimfungi mtu kwa chama. Bahasha inamfunga. Lakini nakiri kwamba hata daftari safi lina kasoro yake, kwa sababu lazima mtu aamue nani aandikwe. Wapagazi hawakuhesabiwa kama askari, kwa hiyo hata vifo vyao havikuandikwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wanawake nao husahaulika kila mara. Muthoni wa Kirima alikaa msituni mpaka uhuru ulipofika, na ndiye mwanamke aliyebeba cheo cha juu kabisa cha Mau Mau; amefariki mwaka 2023, na sehemu kubwa ya maisha yake baada ya uhuru aliipitisha katika uhitaji. Kule Eritrea wanawake walikuwa karibu theluthi ya wapiganaji wa EPLF, jeshi la ukombozi, na amani ilipokuja wengi waliambiwa warudi jikoni, kwa jamaa walioona aibu kumwoza kijana wao binti aliyeshika bunduki. Haki inayotolewa kwa kipimo cha vita itawasahau hawa daima, na ndipo lazima irithiwe na haki ya uraia isiyouliza ulikuwa wapi mwaka fulani.

Serikali zetu za baada ya uhuru hazina cha kujivunia hapa. Kaggia, huyohuyo askari wa zamani, alitaka waliopoteza ardhi na wapiganaji wa msituni wapewe mashamba bila kuyanunua. Mwaka 1964 aliondoka kwenye nafasi yake ya naibu waziri kwa ajili ya msimamo huo, na mwaka uliofuata Kenyatta alimuuliza mbele ya umati Kandara amejifanyia nini, wakati wenzake wa Kapenguria wana mali. Mau Mau iliendelea kuwa chama haramu katika vitabu vya sheria vya Kenya huru mpaka mwaka 2003. Ufaransa kwa upande wake ilizigandisha pensheni za askari wake wa Kiafrika kwa sheria ya Desemba 1959, nchi zao zikiwa mlangoni mwa uhuru. Mwenzao wa Marseille aliongezewa kila bei zilipopanda. Wa Bamako alibaki palepale. Ilihitajika kesi ya Amadou Diop, iliyoamuliwa mwaka 2001 akiwa tayari marehemu, ili mahakama ya juu ya utawala ya Ufaransa iseme huo ni ubaguzi, na miaka mingine sita ndipo usawazishaji wa maana uanze. Kila mwaka wa ucheleweshaji ulipunguza idadi ya wadai. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso ya Hali ya Hatari, na waziri wake wa mambo ya nje, William Hague, akaeleza masikitiko bungeni. Wengi wa walioteswa walikuwa wamekwisha kufa.

Kwa hiyo ninapoisoma ripoti ya Dakar, ombi la radhi ndilo jambo ambalo Ufaransa inaweza kulitoa kwa gharama ndogo kuliko yote. Mwaka 2025 wanaakiolojia walianza kuchimba kwenye makaburi ya Thiaroye, na kazi hiyo iendelee mpaka kila mwili upatikane. Lakini pamoja na mifupa zinatakiwa karatasi: orodha ya waliopanda meli Morlaix, kiasi kila mmoja alichokuwa akidai, kiasi alicholipwa, na hukumu za wale 34, ambao walisamehewa baadaye lakini msamaha si sawa na kufutiwa hatia. Mtu aliyedai chake hana cha kusamehewa. Senegal iidai Ufaransa hesabu hiyo jina kwa jina, na Mali, Guinea na Burkina Faso zisikae pembeni kana kwamba neno Sénégalais liliwahusu Wasenegali peke yao.

Na Kenya ina swali lake kwa London, la zamani kuliko hilo, linalozihusu pia Tanzania, Uganda na Malawi, kwa kuwa wapagazi walitolewa kote huko. Mishahara iliyobaki mikononi mwa serikali baada ya mwaka 1918 ilikuwa kiasi gani, iliingizwa kwenye fungu gani, na ni kiasi gani kwa thamani ya leo? Sijawahi kumsikia mbunge wetu yeyote akiliuliza.